Limeinua miguu

Isevya, Tabora. Jumamosi, saa nne usiku.

"Mwanangu, hili gari linaogopa."

Tangu Jumapili iliyopita maneno hayo yananizunguka kichwani kama nzi aliyefungiwa chumbani. Harusi ya binti wa shangazi imepita salama, umeme umekatika siku mbili, kazini tumefunga hesabu za robo mwaka, na mimi bado niko palepale sebuleni na Baba Mkubwa, kikombe cha chai mkononi mwake, Datsun yangu ndogo ya kuchonga mezani.

"Linaogopa nini, Baba Mkubwa?"

"Ardhi. Litazame. Limeinua miguu kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto."

Nikajibu haraka, kuliko inavyofaa kumjibu mtu aliyenyoosha bodi za magari tangu sijazaliwa. Nikamwambia magari ya mbio za Safari ndivyo yalivyokaa, yalinyanyuliwa makusudi kwa ajili ya mawe na madimbwi. Hakubisha. Akamaliza chai, akavaa kofia yake, na pale mlangoni akasema, "Basi lipe mzigo." Akaenda zake.

Gari lenyewe ni mfano wa Datsun 240Z ya mbio za East African Safari za 1971, ile iliyoendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, jekundu lenye boneti nyeusi, namba 11. Kipimo ni moja kwa 24. Urefu wa gari halisi ni milimita 4,140, kwa hiyo bodi yangu ni 172.5. Kati ya ekseli na ekseli ni 2,305, kwangu 96. Upana 1,630, kwangu 68 kasoro nukta moja. Hivyo vyote nilivipima tena Jumapili ileile usiku, kwa tochi, na vyote viko sawa. Ndiyo maana neno la Baba Mkubwa liliuma. Vipimo vinasema ndiyo, yeye anasema linaogopa.

Jumatatu nikapima kimo. Kutoka mezani hadi paa, veniya ikasoma 58. La kiwandani ni milimita 1,285, yaani 53.5. Ziada ya 4.5 inaonekana ndogo kwenye kidole, lakini izidishe mara 24: karibu sentimita 11. Sidhani kama kuna fundi aliyenyanyua 240Z ya Safari sentimita 11. Nilitaka gari la porini nikazidisha chumvi.

Nikalishusha milimita 2 nyuma na 1 mbele kwa kusaga vipande vya mninga vinavyoshika ekseli. Nikaliweka mezani. Bado linaogopa.

Jumanne nikajaribu kumtii Baba Mkubwa kama alivyosema: mzigo. Nina chubwi za risasi nilizoletewa kutoka Ujiji, nikazibana nne chini ya sakafu. Gari likawa zito mkononi, raha kulishika, ila mkao haukubadilika hata unywele. Ungebadilikaje? Ekseli ni spoki ya baiskeli ya milimita 2 iliyogandishwa kwenye mti. Hakuna springi ya kubonyea. Kwenye gari la kuchonga, uzito hauingii kwa kuongeza kitu kizito. Unauchonga wewe mwenyewe, mahali ambapo gari halisi lingebonyea.

Basi gari halisi hubonyea wapi? Hapo ndipo nilipokesha.

Kwanza rimu. Zangu nilizitengeneza kwa kuzungusha ukanda wa kadi ya benki iliyoisha muda kwenye kijiti cha mviringo. Kadi ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo kila mzunguko unaongeza 1.5 kwenye kipenyo. Rimu ya inchi 14 ni milimita 355.6, ukigawa kwa 24 unapata 14.8, na hiyo ndiyo niliyotengeneza. Kumbe hizo inchi 14 hupimwa pale tairi linapokalia, ndani. Ukingo wa nje unaoonekana kwa macho umezidi kwa karibu milimita 17 kila upande. Rimu inayoonekana ni kama 390, yaani 16.3 kwangu. Kosa la milimita moja na nusu linafanya tairi lionekane limevimba, na gari lenye matairi yaliyovimba linasimama kwa ncha za vidole. Nimezirudia zote nne: kijiti cha 13, mizunguko miwili, gundi ya mabomba ya maji (inashika kadi za PVC vizuri kuliko supaglu), kisha msasa namba 400.

Kama nawe unapima kutoka kwenye picha, itumie rimu kuwa rula yako, lakini pima kimo chake, usipime upana. Picha ikipigwa kwa pembe rimu inakuwa yai, na upana unadanganya.

Pili matairi. Haya ni raba ya soli, ile ya milimita 8 anayouza fundi viatu, nimeikata duara na kuizungusha kwenye drili dhidi ya msasa namba 120 uliolowa. Polepole. Ukikimbiza drili raba inapata moto, inanata na kuchanika vipande. Tairi la upana wa milimita 175 la rimu ya inchi 14 kwangu linatoka kipenyo cha 26.8 na upana wa 7.3. Yangu yalikuwa duara kamili, nami nilijivunia duara hilo. Ndilo lililokuwa na ubaya. Tairi lenye gari juu yake si duara. Chini lina bapa. Ukiondoa nusu milimita tu, unapata bapa lenye urefu wa milimita 7 hivi, na jicho linaliona hata bila kujua linaona nini.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya nicheke peke yangu Alhamisi saa saba usiku: 240Z ina shokapu zenye springi kwenye magurudumu yote manne, na ya nyuma kila moja linajitegemea. Ukilipakia, nyuma linakaa, na magurudumu yanalala kidogo, juu yakiingia ndani. Yangu yalisimama wima kama askari wa gwaride. Gari la Safari lilibeba matairi ya akiba na vifaa vyote nyuma. Lipe mzigo! Alikuwa ananipa jibu mlangoni na mimi nimenuna.

Nimekata spoki ya nyuma katikati, kila nusu na kipande chake cha mninga cha milimita 10. Kati ya sakafu na ncha ya ndani ya kipande nimebandika karatasi tatu za ofisini, takriban milimita 0.3. Ncha ya ndani inashuka, ya nje inanyanyuka, gurudumu linalala karibu digrii 2. Kwa tairi la 26.8 hiyo ni karibu milimita moja kati ya juu na chini. Usizidishe, karatasi sita na gari linaonekana limevunjika.

Bapa lipigwe mwisho, baada ya kulaza magurudumu. Ukilipiga kabla, tairi litagusa kwa ukingo wa ndani tu, upande wa nje ukining'inia robo ya milimita, na umerudi kwa kuku. Mimi nimegandisha magurudumu yasizunguke, nimebandika msasa juu ya kioo, nikamwagia maji na kusugua gari zima mbele na nyuma mpaka yote manne yanashika kwa pamoja. Weka alama ya chaki kwenye raba kwanza: alama ikifutika upana mzima, acha.

Jana jioni umeme uliporudi nikaliweka mezani. Likakaa. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Mama watoto alipita na beseni la nguo, akasimama, akauliza, "Hili ni lilelile?" Nimefurahi mpaka nimeshindwa kula.

Kesho nalipeleka kwa Baba Mkubwa, na nitaanza na kumwomba radhi kwa lile jibu langu, kabla sijalitoa kwenye boksi. Boneti haijapigwa rangi nyeusi bado. Hewa imeanza kuwa na unyevu, na rangi ya kopo ikipulizwa kwenye unyevu inaganda na ukungu mweupe kama maziwa. Nasubiri mchana mmoja mkavu. Baadaye ni zamu ya Peugeot 404 (mara nne ilishinda Safari: 1963, 1966, 1967 na 1968), na safari hii rimu nitaanza na ukingo wa nje.

Ila tawi la mwembe lililo juu ya bati la chumba cha mama limepasuka pale linaposhikana na shina. Nimeliona leo nikianua nguo. Yule kijana wa kupanda miti aliahidi kuja Alhamisi na hajatokea, simu yake haipatikani, na upande wa Urambo mawingu yamekaa tangu saa kumi.