Dau la Tatu

Saa saba usiku na usingizi haujaja, kwa sababu ya mchezo mmoja wa poka tuliocheza leo nyumbani kwa rafiki yangu. Mingine yote nimeshaisahau.

Nilishika ree na tano, zote shupaza. Nikapandisha dau, wakajitoa wote isipokuwa mzee mmoja tunayemwita Babu. Mezani pakawa na shilingi 4,000. Zikafunuliwa mezani karata tatu za kwanza kati ya tano za wote: mfalme wa shupaza, nane ya shupaza, tatu ya uru. Babu akapita, bila kuweka dau. Nikaweka 2,000, na hizo sizijutii: shupaza moja zaidi ingenitimizia tano, mkono mkubwa; tisa zilikuwa hazijaonekana, na kwa karata mbili zilizobaki nafasi ya kupata mojawapo ni kama asilimia 35. Huo ni mkwara wenye mlango wa kutokea. Akafuata, akaweka kiasi kile kile.

Ya nne, mbili ya kopa. Nikaweka 5,000. Akafuata tena, taratibu, bila kuniangalia. Ya mwisho, tisa ya kopa. Sina kitu. Mezani kuna 18,000. Nikasukuma 12,000.

Dau kama hilo lisinitie hasara, lazima atupe karata mara 4 katika kila 10. Sasa, angetupa zipi? Aliyekuwa akisubiri shupaza akaikosa, ree yangu inamshinda hata nikipita. Mwenye mfalme naye, mbili na tisa zimtishe kwa lipi? Juu ya mfalme kuna ree tu, na ree ikitoka mimi sichimbi mkwara tena, nina jozi kubwa. Shupaza ikitoka, vivyo hivyo. Yaani kabla ya kuweka zile 5,000, ningehesabu, ningeona kwamba katika kasha zima hapakuwa na karata ya kunisaidia kudanganya. Ningeweza kuziweka bado, lakini nikijua kwamba shupaza isipokuja naishia hapo. Sikuhesabu. Zile 7,000 nilizokwisha kuweka zilikuwa zinaniita, nikazifuata.

Niliporudi nikatazama tena ule mchezo wa Chris Moneymaker na Sammy Farha katika mashindano ya dunia ya poka, Las Vegas, 2003, walipobaki wawili kati ya watu 839. Moneymaker ana mfalme wa shupaza na saba ya kopa. Ya nne inatoka nane ya shupaza, shupaza ya tatu mezani. Farha anaweka 300,000. Moneymaker anapandisha hadi 800,000, Farha anafuata. Ya mwisho haimpi Moneymaker kitu, anasukuma chipu zote. Farha, mwenye jozi ya tisa, anafikiri sana, kisha anatupa. Watu husifu ujasiri wa Moneymaker, na kweli ulikuwepo. Mimi leo nimeona jingine: alipandisha pale pale shupaza ya tatu ilipotua, na dau la mwisho likaendeleza hadithi ile ile. Tena mfalme wa shupaza alikuwa mkononi mwake, kwa hiyo Farha hakuweza kuwa naye. Mimi hadithi yangu ilikuwa ipi? Kwamba nina mfalme mkubwa kuliko wake?

Babu alifunua mfalme wa pau na kumi. Nikamuuliza kama alifikiria kutupa walau kidogo.

"Nitupe nini, mwanangu? Hakuna kilichobadilika."

Ijumaa ijayo nitaomba kiti cha kushoto kwake.