Kifaa cha kupasha tumbaku joto na mahali uchafu wake unapokwenda

Wanaouliza habari za vifaa vya kupasha tumbaku joto huanza na betri, kisha bei, na ni nadra kumsikia mtu akiulizia hali ya ndani ya kifaa baada ya miezi michache ya matumizi. Kwangu mimi, hapo ndipo panapoonyesha kama mbunifu aliielewa kazi yake. Naandika kama mpenzi wa ubunifu wa mashine, wala simshawishi yeyote avute. Nikotini huleta uraibu, na mkutano wa nane wa nchi wanachama wa Mkataba wa Udhibiti wa Tumbaku wa Shirika la Afya Duniani, uliofanyika Geneva mwaka 2018, ulitambua kwamba bidhaa hizi nazo ni bidhaa za tumbaku. Hata hivyo vifaa vyenyewe vipo na mamilioni ya watu wanavitumia, na namna vinavyoundwa inagusa kile kinachoingia kwenye mapafu yao.

Sigara ya kawaida inapovutwa, kaa lake huweza kupita nyuzi 800 za Selsiasi. Kifaa cha kupasha joto hukusudiwa kuiweka tumbaku chini ya nyuzi 350 hivi, ili isishike moto. Tumbaku hiyo husagwa, huchanganywa na gliserini na kutengenezwa upya kuwa karatasi au ukanda, kisha hufungwa ndani ya kijiti kifupi kama sigara kinachochomekwa kwenye kifaa. Inapopata joto, gliserini, maji na nikotini hugeuka mvuke, na mvuke huo ukipoa kidogo njiani huwa matone madogo mno yanayoelea hewani, yaani erosoli. Shida yote ya usafi imo katika hatua hiyo hiyo inayokifanya kifaa kifae, kwa sababu mvuke haubagui mahali pa kupoa. Ukikutana na ukuta wa baridi ndani ya kifaa, hutua hapo pamoja na sukari na vumbi la majani, ukaacha utando wa kahawia unaonata. Upande wa pili, kitu kisichoweza kugeuka mvuke hubaki juu ya sehemu ya moto na kuokwa tena kila kifaa kinapowashwa, hadi kinakuwa ukoko mweusi kama ule wa chini ya sufuria ya wali iliyosahauliwa juu ya makaa.

Kwa hiyo kuna uchafu wa mahali pa baridi na uchafu wa mahali pa moto, na dawa ya mmoja huweza kuwa chakula cha mwingine. Mbunifu akiupasha ukuta ili mvuke usitue, utando utapungua, lakini akizidisha, kile kidogo kinachotua kitaungua papo hapo na kushika zaidi.

IQOS ya kwanza, kifaa cha kampuni ya Philip Morris kilichoingia sokoni Nagoya na Milan mwaka 2014, kilichagua njia ngumu kuliko zote kwa upande wa usafi: bapa jembamba la kauri lenye njia ya platini, linalodungwa katikati ya tumbaku. Kihandisi ni wazo zuri sana. Ukinzani wa platini kwa umeme hupanda kadiri joto linavyopanda, hivyo bapa hilo hilo hupasha na kujipima, na joto linatoka ndani ya tumbaku kwenda nje badala ya kupotea kwenye kuta. Lakini bapa hilo linagusana na majani yenye unyevu kila mara, na kijiti kinapochomolewa huacha mabaki. Ukoko ukijengeka, kinachopimwa ni bapa, si tumbaku iliyo ng'ambo ya ukoko, na mfumo wa udhibiti hauna njia ya moja kwa moja ya kujua kwamba hali imebadilika. Mtumiaji huambiwa asafishe kwa brashi na vijiti vya pamba vyenye spiriti, naye akisukuma bapa kwa ubavu, kauri inavunjika. Sipendi ubunifu ambao usafishaji wake wenyewe ni hatari kwa kifaa.

Kwamba jambo hili halihusu sura na harufu peke yake kulionyeshwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, katika makala iliyotolewa mwaka 2018 kwenye jarida la Tobacco Control. Walilinganisha vijiti vilivyotumika katika kifaa kinachosafishwa kila baada ya kijiti na vile vya kifaa kisichosafishwa hivyo, wakakuta tumbaku inaungua kwa joto na kuwa nyeusi zaidi pale mabaki yanapoachwa. Kifaa kinachouzwa kwa hoja kwamba hakichomi kitu kinaanza kuunguza tumbaku kwa sababu ya uchafu wake. Baada ya kusoma hayo, siwezi kukubali kwamba usafi ni jukumu la mnunuzi peke yake, maana kila aliyewahi kuuza chombo chochote anajua kwamba watu wengi hawasafishi.

glo, kifaa cha kampuni ya British American Tobacco kilichoanza Sendai mwaka 2016, hupasha kijiti kutoka nje, ndani ya mrija. Hakuna kitu kinachodungwa ndani ya tumbaku, karatasi ya kijiti hutenganisha majani na ukuta, na chini kuna kijilango kinachofunguliwa ili brashi ipite moja kwa moja. Tundu lililonyooka lisilo na kona ni jambo dogo kulieleza, ila ndilo ninalolithamini kuliko yote.

Kisha mwaka 2021, nchini Japani, ikaja IQOS ILUMA. Bapa limeondolewa. Kila kijiti kina kipande cha metali katikati, na koili (waya uliozungushwa) iliyo ndani ya kifaa hukipasha kwa induksheni, yaani kwa sumaku ya umeme bila kukigusa, kama jiko la induksheni linavyopasha sufuria bila lenyewe kuwa na moto. Kijiti kimefungwa mwishoni, tumbaku haimwagiki, na kampuni inasema hakuna haja ya kusafisha. Ni suluhisho la kweli kwa mtumiaji: ukoko unabaki juu ya metali, na metali inatupwa pamoja na kijiti. Lakini pakiti ya vijiti 20 sasa ina vipande 20 vya metali, vyenye kingo kali kiasi cha kuhitaji onyo kwamba kijiti kisifunguliwe wala kumezwa. Kifaa kimebaki safi kwa sababu sehemu inayochafuka imehamia kwenye pipa la taka.

Ningekuwa mezani pa ubunifu, ningebaki na mrija ulionyooka unaopashwa kutoka nje, na ningeweka ndani yake mrija wa pili mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, unaochomolewa kwa vidole na kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni, bila kugusa waya wala kipima joto. Njia ya hewa ningeifanya fupi, ili mvuke uanze kupoa ukiwa ndani ya kijiti. Halafu ningedai kipimo kimoja kabla ya kuuza: kifaa kitumike vijiti mia kadhaa bila kusafishwa hata mara moja, joto lipimwe ndani ya tumbaku yenyewe badala ya kwenye kipashio, na tofauti kati ya kijiti cha kwanza na cha mwisho ichapishwe kwenye kijitabu cha maelekezo.