Nilivyowasaidia wazazi kuomba viza ya kututembelea Marekani

Baba na Mama walipoamua kuja Marekani kumwona mjukuu wao, karibu kila niliyemuuliza alinishauri jambo lile lile: andika barua nzuri ya mwaliko. Niliandika, ila sikuitegemea. Kifungu cha 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani kinamchukulia anayeomba viza ya matembezi kuwa anakusudia kuhamia, mpaka amridhishe afisa wa ubalozi kwamba atarudi. Amridhishe yeye, si mwanawe. Barua yangu na mshahara wangu vinaonyesha watalala wapi na nani atawalisha. Sababu za kurudi kwao wanazo wao.

Kwa hiyo nguvu nyingi niliziweka kwenye DS-160, fomu ya kuombea viza inayojazwa mtandaoni. Kila mmoja anajaza yake, hata kama ni mtu na mkewe. Tulikaa kwenye simu ya video, mimi nasoma swali kwa Kiswahili, wao wanajibu, nami nachapa walichosema. Fomu ikikaa dakika 20 bila kuguswa inajifunga, na mzee akishainuka kwenda kutafuta barua yake ya ajira, dakika 20 ni chache mno. Hifadhi kila ukurasa na namba ya ombi uiandike pembeni.

Tulikwama kwenye swali la kama mwombaji amewahi kunyimwa viza ya Marekani. Baba aliwahi, miaka mingi iliyopita.

"Hayo si yalishapita, mwanangu? Weka hapana."

"Baba, kumbukumbu zao wanazo."

Akakaa kimya kidogo. "Haya, weka ndiyo. Na useme nilikuwa kijana, sina kazi."

Nikaandika hivyo hivyo. Aliyenyimwa jana anaweza kupewa leo, lakini anayebainika kudanganya anaweza kupigwa marufuku ya maisha.

Fomu inauliza pia kama kuna mtu amekusaidia kuijaza. Tukajibu ndiyo, tukaweka jina langu. Ila kusaini na kutuma ni kazi ya mwombaji mwenyewe. Mama alitaka nimalizane nayo mimi. Nikamwambia hiyo haiwezekani. Mdogo wangu anayeishi nao akaifungua kwenye kompyuta, Mama akavaa miwani, akabonyeza taratibu kwa kidole kimoja kama mtu anayebonyeza kengele ya nyumba asiyoijua. (Kwenye picha ya viza, miwani hiyo hiyo ilibidi ivuliwe.)

Kuhusu usaili wa ubalozini, niligoma kuwakaririsha majibu. Mzee aliyekariri huonekana tu, na akiulizwa swali la pembeni anababaika. Nilihakikisha wanajua ninaishi mji gani, nafanya kazi gani, watakaa muda gani na nauli analipa nani. Basi. Wakabeba hati ya nyumba, karatasi za pensheni na cheti cha ndoa. Mama akaomba kuhojiwa kwa Kiswahili, akakubaliwa.

Waliitwa dirishani pamoja. Afisa akamuuliza Baba nyumba atamwachia nani.

"Kijana wangu mdogo, lakini simwamini sana. Ndiyo maana siwezi kukaa muda mrefu."

Afisa akacheka. Hati ya nyumba hata haikuombwa.

Tiketi tulinunua baada ya pasipoti kurudi zikiwa na viza, na baada ya kukagua majina herufi kwa herufi. Nikawaeleza pia kuwa tarehe ya mwisho iliyo kwenye viza si ruhusa ya kukaa mpaka siku hiyo. Muda wa kukaa hupangwa na afisa wa mpakani unapoingia, mara nyingi miezi 6, na huandikwa kwenye rekodi ya I-94. Walipofika tu niliichapisha ya kila mmoja kutoka mtandaoni, na tarehe zilizo humo ndizo nilizozitumia kupanga safari ya kurudi.