Jinsi nilivyochagua kompyuta ya kupiga nayo jukwaani

Kiongozi wa bendi alipotangaza kwamba ziara inayofuata tutasafiri na mizigo michache, mtu wa kwanza kutazamwa nilikuwa mimi. Vinanda vyangu viwili na sanduku la vifaa vya sauti vilikuwa vinakula nafasi ya abiria garini. Tukakubaliana nibaki na kinanda kimoja, sauti zote zitoke kwenye kompyuta, na kompyuta hiyo hiyo icheze pia treki zilizorekodiwa za kusindikiza bendi, pamoja na kliki, yaani mapigo ya kuhesabia, anayoisikiliza mpiga ngoma masikioni. Maana yake ikigoma, sinyamazi peke yangu. Bendi nzima inapotea.

Matangazo ya kompyuta hayajibu swali la mwanamuziki. Yanasifia kasi: video inahaririwa kwa dakika ngapi, gemu linaonyesha picha ngapi kwa sekunde. Kazi za namna hiyo zikichelewa hapa zikafidia pale, hakuna anayejua. Sauti ya jukwaani haina fidia. Kompyuta huitoa kwa mafungu, na ukubwa wa fungu ndiyo bafa. Ukiweka bafa ya sampuli 256 (sampuli ni kipande kidogo kabisa cha sauti), huku kadi ya sauti, kile kifaa cha nje kinachounganisha kompyuta na spika, ikienda kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, kompyuta inapewa milisekunde 5.3 kuandaa kila fungu. Ikimaliza kwa milisekunde 2, vizuri. Ikimaliza kwa 6, hata mara moja tu katika wimbo mzima, spika zinatoa mkwaruzo ambao mlinzi wa getini anausikia. Nikawa natafuta mashine isiyo na mambo ya ghafla, hata kama kasi yake ni ya wastani.

Wapo wanaojivunia kupiga kwa bafa ya sampuli 32. Sijui wanampigia nani. Sauti husafiri hewani takribani sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwa hiyo milisekunde 5.3 ni sawa na kusimama pungufu ya mita 2 kutoka kwenye spika yako. Ukiongeza ucheleweshaji kidogo wa kadi yenyewe na wa USB, vidole vyangu bado havilalamiki. Basi 256 ikawa kipimo cha jukwaani, na 128 nikaiweka kwa ajili ya majaribio tu, ili niibane mashine kuliko itakavyobanwa kazini.

Vipimo vya kwenye karatasi sikuvihangaikia sana. Ala moja ndani ya programu, pamoja na efekti zilizopangwa nyuma yake, kwa kawaida huchakatwa na kiini kimoja cha prosesa, maana efekti ya pili haiwezi kuanza kabla ya kwanza kumaliza. Ndiyo sababu prosesa yenye viini vingi dhaifu haikusaidii kwenye piano moja nzito. RAM nilitaka GB 32 ingawa seti yetu ilitosha kwenye 16, kwa sababu kwenye mashine nyingi nyembamba za siku hizi RAM imechomelewa kwenye bodi na hutaongeza baadaye. Diski ni SSD, hapo hakuna mjadala. Diski ya zamani yenye sahani inayozunguka haipendi kabisa kukaa jirani na spika za besi.

Mwishowe zilibaki mashine tatu mezani, mbili kati yake za kuazima. Ya kwanza ilikuwa ya wacheza magemu, yenye Windows na kadi kubwa ya picha. Ya pili nyembamba, haina feni. Ya tatu ilikuwa MacBook Pro ya inchi 14, toleo la 2021, iliyokwishatumika.

Nikatengeneza wimbo mmoja wa mateso: piano yenye matabaka mengi ya sampuli (hapa ni noti zilizorekodiwa), nyuzi, ogani, mwangwi mrefu, na treki zote za kusindikiza zikijirudia bila kukoma. Nikikanyaga pedali ya kurefusha sauti, napiga kordi za vidole kumi moja juu ya nyingine mpaka idadi ya noti zinazolia kwa pamoja inagonga ukomo. Baada ya hapo ni kusubiri. Dakika chache za kwanza hazikuambii kitu, kila mashine inapita. Iache icheze urefu wa onyesho zima na ziada, chumba kikiwa na joto, mwanga wa skrini ukiwa juu kabisa, chaja ikiwa imechomekwa. Halafu rudia bila chaja, kwa sababu baadhi ya kompyuta hujipunguzia nguvu zikitegemea betri, na hilo hutaliona ukiwa umekaa dukani.

Ile isiyo na feni ilinivutia mwanzoni: kimya, nyepesi, haina tundu la kumezea vumbi. Muda ulivyokwenda tumbo lake likawa la moto, prosesa ikajipunguzia kasi ili isiungue, na mita ya mzigo wa prosesa iliyokuwa imetulia robo ikaanza kupanda ilhali sijaongeza noti hata moja. Haikukatika. Lakini hapo tulikuwa ndani, kivulini. Kompyuta nazo zina ukomo wao wa joto; Apple, kwa mfano, huandika kwamba MacBook itumike mahali pasipozidi nyuzi 35 za Selsiasi. Jukwaa la wazi, jua la alasiri likikupiga usoni na taa zikiwa zimewashwa kwa majaribio, linapita hapo bila jasho. Nikairudisha kwa mwenyewe.

Ya wacheza magemu ndiyo iliyonifundisha zaidi. Ilikuwa na nguvu kuliko zote. Mita ya prosesa ilikuwa chini kabisa, na bado kila baada ya muda ilitoa "tak" moja kavu. Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa, wanaongeza bafa, wanaongeza RAM, "tak" iko palepale. Kwenye Windows, draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa) ya kifaa chochote inaweza kuishika prosesa kwa muda mfupi na kuziweka kazi nyingine foleni, ya sauti ikiwemo. Kuna programu iitwayo LatencyMon inayoonyesha draiva ipi imeshika na kwa muda gani. Nikaiwasha na kuiacha ifanye kazi: draiva ya Wi-Fi ikakaa kileleni, chini yake ya kadi ya picha. Nikazima Wi-Fi na Bluetooth, tena kwenye orodha ya vifaa vya mfumo, si kwa kile kitufe cha pembeni. Nikaweka mpango wa umeme wa nguvu ya juu, nikakataza Windows kulaza milango ya USB ili kuokoa umeme. Mkwaruzo ukawa wa nadra. Haukuisha, na kadi ya picha siwezi kuing'oa.

Nisieleweke kwamba Windows haifai. Nimepiga jukwaa moja na watu wanaoitumia usiku baada ya usiku, wakiwa na kadi ya sauti yenye draiva nzuri ya ASIO, ule mfumo wa draiva za sauti ulioanzishwa na Steinberg, na hawana shida yoyote. Tabu ni kwamba sifa haziendi na jina la modeli. Mashine mbili za jina moja zikifungwa kadi tofauti za Wi-Fi zinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa, kwa hiyo ushauri wa rafiki aliyenunua mwaka jana hauna uzito mkubwa. Windows ninunue kwa masharti ya kurudisha, la sivyo naiacha.

MacBook Pro ilimaliza wimbo wa mateso, ikaurudia, feni ikasikika kwa mbali, mita haikutikisika. Nilitaka iliyotumika, ya kizazi cha nyuma, makusudi kabisa, na sababu si bei. Mac mpya huja na mfumo mpya, na kwa kawaida huwezi kuishusha chini ya mfumo iliyotoka nao kiwandani. Apple hutoa macOS mpya kila mwaka, na wanaotengeneza programu za ala huhitaji muda kuifukuzia. Wakongwe wanaikumbuka Catalina ya 2019, iliyoacha kupokea programu za biti 32: ala zilizokuwa zikilia vizuri hazikufunguka tena. Mashine iliyokaa sokoni miaka kadhaa, matatizo yake yameshajulikana na mengi yameshapatiwa dawa.

Kabla ya kulipa nilifanya jambo lililomshangaza muuzaji. Nilichomeka kadi ya sauti, nikashikilia kordi, nikaanza kuutikisa mdomo wa kebo ya USB-C kwa vidole viwili, polepole, kushoto, kulia, juu, chini, tundu moja baada ya jingine. Kwenye tundu la mwisho sauti ikapotea, ikarudi, ikapotea. Wakati mwingine huwa ni uchafu tu uliojikusanya ndani, wakati mwingine tundu lenyewe limechoka, sikutaka kubahatisha. Alikuwa na nyingine ya aina hiyo hiyo, nikaitikisa nayo, ikakaza.

Jukwaani kebo hiyo naifunga kwenye stendi na kuacha kitanzi kilicholegea, ili mtu akiikanyaga avute stendi badala ya tundu. Chaja yake ni ya sumaku. Ikipigwa teke inachomoka yenyewe na kompyuta haianguki, jambo zuri, ila unaweza ukapiga nusu ya onyesho kwa betri bila habari. Nimejizoesha kutupia jicho alama ya betri kila wimbo unapokwisha.

Umeme wa ugenini haunipi hofu kwa upande wa chaja, maana imeandikwa volti 100 hadi 240 na inakula chochote. Kinachosumbua ni ule ungurumo unaoingia kwenye spika mara tu chaja inapochomekwa na kuondoka ikichomolewa. Dawa yake ni DI, kile kisanduku kinachopeleka sauti ya chombo kwenye mitambo, yenye transfoma, uguse swichi ya kukata ethi kwenye DI yenyewe. Nimeona watu wakikata kile kijino cha ethi kwenye plagi ya umeme. Ungurumo unaisha kweli, na siku vifaa vikivujisha umeme, anayeshika maikrofoni huku ameshika gitaa ndiye atakayepigwa na umeme. Kadi ya sauti nimechagua inayopata umeme kwa USB. Umeme ukikatika, mitambo yote inazima, lakini unaporudi mimi nyimbo zangu bado zimepakiwa na ninasubiri wenzangu.

Pamoja na majaribio yote hayo, nilinunua ya pili. Mashine iliyopita mtihani leo inaweza kumwagiwa maji kesho. Ya pili ina mfumo ule ule, toleo lile lile la kila programu, faili zile zile. Zipo kadi za sauti, kama PlayAUDIO12 ya iConnectivity, zinazopokea kompyuta mbili kwa pamoja: unazichezesha zote sambamba, ya kwanza inatuma ishara mfululizo, ishara ikikatika kifaa kinahamia ya pili chenyewe. Huu ni mfumo ninaoutamani kila mwenye treki za kusindikiza awe nao. Ambaye bajeti yake haifiki hapo, basi achague kinanda chenye sauti zake ndani badala ya kile cha vitufe vitupu, na ampelekee fundi mitambo laini mbili, ya kompyuta na ya kinanda. Ikigoma kompyuta, fundi anapandisha laini ya kinanda na piano inaendelea. Siyo piano nzuri kama ile, lakini watu wamekuja kucheza.

Masasisho yamezimwa kwenye zote mbili tangu siku ya kuondoka mpaka ya kurudi. Wa Windows wana ugumu kidogo hapa, kwa sababu kitufe cha kusitisha masasisho cha Windows 11 kinafika wiki 5 tu, na ziara ikizidi hapo inabidi kupanga siku ya mapumziko ya kusasisha na kupima upya. Mashine zangu hazioni intaneti kabisa kabla ya onyesho. Ndiyo maana leseni za programu nazikagua mapema: zile zinazotaka kujithibitisha mtandaoni mara kwa mara huwa ninaziacha nyumbani hata kama sauti zake ni tamu, na zile za kifunguo cha USB kama iLok nimezinunulia kifunguo na leseni kwa kila kompyuta. Kifunguo kimoja kwa mashine mbili ni sawa na kutokuwa na mashine ya pili.

Kwenye ndege zote zinapanda nasi juu, kamwe hazilali kwenye mizigo ya chini. Betri ya modeli ya inchi 14 ni takribani Wh (wati-saa) 70, na mashirika ya ndege kwa kawaida yanaruhusu hadi Wh 100 bila kuomba kibali. Tukishuka kutoka mahali pa baridi kuingia ukumbi wenye joto, siziwashi mara moja. Nazifungua na kuziacha mpaka chuma chake kikiguswa kisiwe baridi tena, ili unyevu uliojikusanya ndani ukauke. Ya kwanza inasafiri mgongoni kwangu. Ya pili anaibeba mpiga besi, na kama kuna magari mawili, anapanda lile ambalo mimi simo.