Kuandaa tangi la Tropheus wa Maswa jijini Dar es Salaam

Katika ufuo wa miamba wa Maswa, kusini mwa mji wa Kigoma, anaishi samaki mdogo ambaye wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya na Marekani humtafuta kwa bidii, ilhali Watanzania wengi hatujapata hata kumwona. Kwa jina la kisayansi anaitwa Tropheus duboisi, na alielezwa rasmi kwa mara ya kwanza na mtafiti Marlier mwaka 1959. Ni wa ukoo wa sikilidi, ukoo uleule wa sato na perege, ila yeye urefu wake hauzidi sana sentimita 12. Akiwa mchanga huwa mweusi tii mwenye vidoti vyeupe mwili mzima. Akikua, vidoti hufifia, kichwa hugeuka buluu, na mwili hufungwa mkanda mmoja mpana ambao kwa hawa wa Maswa ni wa manjano.

Nimewaandalia tangi nyumbani kwangu Dar es Salaam, na ninaandika habari zake kwa sababu maelekezo mengi yanayopatikana yameandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi wanaonunua samaki waliozaliwa tangini. Samaki aliyezaliwa tangini amezoea maji ya bomba tangu alipotoka kinywani mwa mama yake, ambamo mayai na watoto hutunzwa. Samaki aliyevuliwa ziwani hajapata kuishi katika maji mengine yoyote, amebeba vimelea vyake, na hajawahi kula chakula kilichoanguka kutoka juu. Kwa hiyo ninaamini kwamba kazi yote ya maana hufanyika kabla ya samaki kufika, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni maji.

Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, na ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Maji mengi kiasi hicho hayabadiliki upesi, na viumbe waliomo hawakulazimika kujifunza kuvumilia mabadiliko ya ghafla. Kipimo cha pH, kinachoonyesha asidi au alkali ya maji, huwa kati ya 8.6 na 9.2 hivi, ugumu wa kaboneti (kiasi cha kaboneti kinachozuia pH isiyumbe) hufikia digrii 16 hadi 18, na magnesiamu ni nyingi kuliko kalsiamu. Kwenye miamba ya ufukweni, ambako Tropheus huishi, mawimbi huyajaza maji hewa ya oksijeni mchana na usiku. Maji ya bomba ya Dar es Salaam, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka Mto Ruvu, ni maji ya namna nyingine kabisa, na maji ya visima katika baadhi ya mitaa yetu ya pwani yana chumvi ya mezani ambayo haihitajiki hata kidogo. Mimi nilichagua ya bomba, kwa kuwa ni rahisi kuongeza kinachopungua kuliko kuondoa kilichozidi.

Kuhusu tangi lenyewe sitasema mengi. Langu lina urefu wa sentimita 150, upana wa 60 na kimo cha 60, na fundi wa vioo alilitengeneza kwa kioo cha milimita 12. Urefu ni muhimu kuliko kimo, kwa sababu dume la Tropheus hulinda eneo lake kwa ukali na anayefukuzwa anahitaji mahali pa kukimbilia. Meza yake lazima iwe imara na sakafu iwe sawasawa, maana maji na mawe kwa pamoja yanapita uzito wa nusu tani. Mawe makubwa ya mviringo huwekwa kwanza, moja kwa moja juu ya kipande cha plastiki laini kinacholinda kioo cha chini, ndipo mchanga humiminwa kuyazunguka. Jiwe lililokaa juu ya mchanga linaweza kuporomoka siku samaki watakapochimba chini yake.

Wengi hudhani kwamba kujaza tangi mawe ya chokaa kunatosha kuyafanya maji yafanane na ya Tanganyika. Hapa pwani mawe ya matumbawe ya nchi kavu yanapatikana kwa urahisi, na ukiyadondoshea siki yanatoa mapovu, jambo linaloonyesha kwamba kweli yana kaboneti. Lakini chokaa huyeyuka vizuri katika maji yenye asidi, na maji yakishapita pH 8.3 hivi huacha karibu kabisa kuyeyuka. Mawe hayo yatazuia pH ya maji isishuke, ila hayataipandisha hadi kiwango cha ziwa. (Matumbawe ya baharini yaliyo hai yasiguswe kwa sababu yoyote ile.) Kinachofanya kazi ni bikaboneti ya soda, ile inayouzwa dukani kwa kuokea. Hesabu yake ni kwamba gramu 30 katika lita 1,000 huongeza digrii moja ya ugumu wa kaboneti. Tangi langu, ukitoa nafasi ya mawe na mchanga, lina lita 450 hivi za maji, kwa hiyo kila digrii inataka gramu 13.5, na kutoka digrii 4 hadi 16 zinahitajika gramu 162. Magnesiamu huongezwa kwa chumvi ya haluli kutoka duka la dawa, takriban gramu 20 kwa kila digrii ya ugumu wa jumla (wa kalsiamu na magnesiamu kwa pamoja) katika ujazo huohuo. Magadi ya kupikia maharage si mbadala, kwa kuwa ni makali zaidi na hurusha pH juu kwa ghafla.

Jambo moja dogo huwasumbua watu hapa kwetu kwa sababu ya joto: maji hupungua kwa mvuke kila siku, lakini chumvi hubaki. Anayejazia upungufu huo kwa maji yaliyokwisha kutiwa soda huongeza chumvi wiki hadi wiki bila kujua. Maji ya kujazia yawe ya kawaida yaliyoondolewa klorini. Maji yenye soda na haluli ni ya wakati wa kubadilisha maji tu.

Sasa nifike kwenye amonia, ambayo ndiyo inayoua samaki wa Tanganyika wengi majumbani. Kila samaki hutoa amonia, na ndani ya maji amonia huwa katika sura mbili: moja yenye chaji ya umeme, ambayo haina madhara makubwa, na nyingine isiyo na chaji, ambayo hupenya mashavu ya samaki na kumdhuru. Uwiano wa sura hizo mbili hutegemea pH. Katika joto la nyuzi 25, maji ya pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia katika sura ya sumu. Kwenye pH 8 huwa asilimia 5 hivi. Kwenye pH 9 hupita theluthi moja. Maana yake ni kwamba kiasi kilekile cha uchafu ambacho perege wa bwawa la maji baridi angekivumilia kinaweza kumwua Tropheus kwa saa chache. Ndiyo sababu tangi lilikaa bila samaki hadi bakteria wa kuchujia, wanaogeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati, walipokomaa, kazi ambayo kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita. Nilikuwa nikitia amonia kidogo kidogo na kupima kwa vipimo vya matone: kwanza amonia hupanda, kisha hushuka na nitriti kupanda, kisha nitriti nayo hushuka na nitrati kubaki. Amonia iliyotiwa jioni ilipokuwa haionekani tena asubuhi, wala nitriti haionekani, ndipo nilipoagiza samaki.

Joto la Dar es Salaam lina shida yake. Ziwani, maji ya juu huwa kati ya nyuzi 24 na 29, lakini chumba changu mwezi Februari hupita hapo. Maji ya nyuzi 30 hubeba kama miligramu 7.5 za oksijeni kwa lita, wakati ya nyuzi 25 hubeba 8.3, na upungufu huo huja wakati uleule ambao samaki anapumua kwa kasi zaidi. Sikununua kipasha joto. Nilinunua feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji, pampu mbili zenye nguvu za kutengeneza wimbi, na pampu ya hewa ya betri inayojiwasha umeme unapokatika. Hiyo ya mwisho ndiyo ningeinunua kwanza kama fedha ingekuwa haitoshi kununua vyote.

Samaki wenyewe walitoka kwa mvuvi mwenye leseni wa Kigoma, na ningemsihi kila mtu afanye hivyo, kwa kuwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ipo kwa sababu nzuri na maji ya Hifadhi za Gombe na Mahale si mahali pa kuvulia samaki wa mapambo. Kuna sababu nyingine ya kutaka kujua kwa hakika samaki ametoka ufuo gani. Tropheus haondoki kwenye miamba. Ghuba ya mchanga au maji ya kina kirefu humzuia kuvuka, na kwa hiyo kila kipande cha pwani kimejitengenezea samaki wake wenye rangi zao. Aina hizo za rangi zimepita mia moja. Wakichanganywa katika tangi moja watazaliana, na watoto watakaopatikana hawatakuwa wa ufuo wowote. Tangi langu ni la Maswa peke yake.

Siku ya kupokea samaki ina kanuni inayopingana na mazoea. Ndani ya mfuko wa safari, samaki hupumua na kutoa hewa ukaa, hewa hiyo huyashusha maji pH, na amonia inayojikusanya hubaki katika ile sura isiyodhuru. Mfuko unapofunguliwa, hewa ukaa hutoroka, pH hupanda, na amonia iliyokuwa imelala hugeuka sumu samaki akiwa bado ndani yake. Anayedondosha maji ya tangi ndani ya mfuko ulio wazi kwa saa nzima, akidhani anamzoesha samaki taratibu, anamwacha ndani ya hatari hiyo. Nilielesha mifuko ikiwa imefungwa hadi joto likalingana, nikaifungua mmoja mmoja, nikamimina maji yake kupitia wavu juu ya ndoo, nikawaingiza samaki mara moja katika tangi la karantini, la kuwatenga samaki wageni, lenye chumvi za kiwango cha ziwa. Maji ya safari nilimwaga nje. Taa zilizimwa hadi kesho yake.

Karantini ilikuwa ya wiki nne, na humo ndimo nilimofunza macho yangu kazi yake. Utumbo wa Tropheus ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake, kwa sababu ziwani hushinda akinyofoa mwani kwenye mawe. Chakula chenye mafuta na nyama, na minyoo hasa, humletea ugonjwa wa kuvimba tumbo, na akishavimba ni vigumu kumponya. Dalili huanza mapema zaidi: samaki anayekataa chakula wenzake wakikimbilia, anayejitenga pembeni, anayetoa kinyesi cheupe chembamba kama uzi. Ninawapa vipande vya spirulina (aina ya mwani uliokaushwa) kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, na mchicha uliochovywa maji ya moto. Mawe ya karantini nilikuwa nimeyaanika juani ndani ya beseni la maji hadi yakaota mwani, na hicho kilikuwa chakula cha kwanza walichokitambua.

Waliingia tangi kubwa wote kwa siku moja, samaki 20. Kundi dogo halifai, maana dume mkubwa humwandama mmoja hadi amwue. Katika kundi kubwa ukali wake hutawanyika, na wote wanapoingia pamoja hakuna aliyekwisha kujimilikisha mahali. Hata hivyo hupimana nguvu siku za mwanzo, wakitetemesha mwili mzima ubavu kwa ubavu.

Majike wawili wamekwisha kubeba mayai. Mayai ya Tropheus ni machache, kwa kawaida hayafiki 20, lakini ni makubwa, na mama huyatunza kinywani kwa takriban mwezi mmoja. Ukisogea karibu na kioo utaona koo limetuna, taya limefungwa, na mama akichezesha kinywa ndani kwa ndani kila baada ya muda kuyageuza mayai. La kushangaza ni kwamba baada ya siku kadhaa huanza tena kunyofoa mwani, ingawa tumbo lake halijazi: watafiti wa Kijapani walilieleza jambo hilo mwaka 1990 kwa jamii hii hii ya duboisi, kwamba mama hula ili kuwalisha watoto waliomo kinywani mwake. Kwa hiyo simtoi mama kwenye tangi, wala simfungui kinywa kuwatoa watoto kama wafugaji wengine wafanyavyo.

Kila wiki ninabadilisha asilimia 25 ya maji, yakiwa yamechanganywa soda na haluli usiku uliotangulia na kupulizwa hewa hadi asubuhi. Nitrati inakaa chini ya miligramu 20 kwa lita. Nimemwomba yule mvuvi aniletee Eretmodus kadhaa, wale sikilidi wafupi wanaorukaruka chini ya mawe katika mawimbi ya ufukweni, mradi watoke katika pwani ileile. Wakipatikana watakaa karantini wiki nne kama wenzao, na mawe yao yamekwisha kuwekwa juani.