Siku Moja Katika Kliniki ya Uzazi, Kisumu

Kabla ya saa moja asubuhi huwa nimekwisha kuhakikisha kwamba kabati la kutunzia viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa maabara, limebaki kwenye nyuzi 37 na kwamba jenereta ina dizeli, kwa kuwa umeme ukipotea hapa mjini viinitete havina subira. Anayedhani kazi yangu ni kuwauzia matajiri watoto angenikuta nimeinama juu ya tangi, nikipima dizeli kwa ufito.

Saa moja hadi saa nne ni ultrasaundi mfululizo. Wagonjwa wamepanda matatu za alfajiri kutoka Siaya, Vihiga na Homa Bay, na wengi wao mirija ya uzazi imeziba kwa maambukizi ya zamani, ambayo yangetibiwa mapema kwa vidonge vya bei ndogo.

Saa nne na robo wakaingia mume, mke na mama mkwe. Kabatini mna viinitete vyao vitatu, vya siku ya tano tangu kurutubishwa. Mama mkwe ndiye aliyeuza ng'ombe, kwa hiyo ndiye aliyezungumza: "Daktari, weka vyote, Mungu atachagua." Nikamweleza kwamba mapacha mara nyingi huzaliwa kabla ya wakati, kwamba shinikizo la damu humwandama mama yao, na kwamba wiki kadhaa katika wodi ya watoto njiti zaweza kula ng'ombe waliobaki; kwa hiyo tupandikize kimoja, viwili tuvigandishe kwenye naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri. "Unavigandisha ili utudai tena," akasema. Hapo hakukosea kabisa, maana kugandisha hulipiwa. Nikachukua karatasi, nikaandika gharama za kila njia mkabala, akazisoma polepole huku akifuata kila tarakimu kwa kidole, kisha akaanza upya. Mume alikuwa akitazama viatu vyake. Mwishowe mke akasema, "Mama, atakayebeba ni mimi." Tukapandikiza kimoja. Chumba cha kungojea kilikuwa kimefurika na kila mtu alinitazama kama mwizi.

Chakula cha mchana sikukiona, kwani lori la mitungi ya gesi lilichelewa tena na nilishinda kwenye simu. Viinitete huhitaji kabonidioksidi, na gesi hiyo ni sehemu ya bili ya mgonjwa. Ndiyo maana namheshimu Willem Ombelet, daktari wa Genk, Ubelgiji, ambaye pamoja na Jonathan Van Blerkom wa Marekani alionyesha kwamba gesi hiyo yaweza kutengenezwa ndani ya kichupa kwa asidi ya sitriki na soda ya kuokea. Watoto wa kwanza wa njia hiyo walizaliwa mwaka 2012. Sisi bado tunangoja lori.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipompima mwalimu mmoja ambaye ovari zake zilikuwa zimejaa vifuko vya mayai kupita kiasi. Sindano ya kawaida ya kukomaza mayai, hCG, hukaa mwilini siku nyingi, na kwa mtu kama yeye ingeweza kuzivimbisha ovari hadi maji yajae tumboni. Nikaibadilisha kwa sindano nyingine, triptorelini, ambayo nguvu yake huisha upesi, na nikamwambia viinitete vyote vitagandishwa, hakuna kupandikiza mwezi huu. Alilia. Ningeweza kumfurahisha, na wiki ijayo angelazwa.

Saa nne usiku akapiga simu: "Daktari, nimedunga." Nikamtaka anisomee jina lililoandikwa kwenye kisanduku, herufi kwa herufi. Lilikuwa lenyewe. Mayai huvunwa saa 36 baadaye, kwa hiyo keshokutwa saa nne asubuhi atakuwa mezani kwangu, na asile chochote kuanzia usiku wa manane wa kuamkia siku hiyo.