Siku Tuliyoshuka Chini ya Nyayo House

Juzi binti yangu alikuwa akidurusu somo la Historia na Serikali, akaniomba nimsikilize akitaja majukumu ya Idara ya Ujasusi, NIS. Akayataja vizuri: kukusanya habari za usalama, kuzichambua, kuzifikisha kwa wenye kuamua. Kisha akauliza, "Baba, na kukamata watu je?" Nikamjibu kwamba hiyo ni kazi ya polisi. Usiku usingizi ulichelewa, nikawa naikumbuka siku ile na Mjomba.

Ilikuwa Februari 2003. Kibaki hakuwa amemaliza hata miezi miwili Ikulu, na serikali yake ya muungano wa Narc ikafungua vyumba vya chini vya Nyayo House, jengo la serikali jijini Nairobi walimoteswa wapinzani enzi za Moi, ili wananchi waingie wajionee. Mjomba ndiye aliyenipigia simu. Alikuwa mwalimu enzi za Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali ya Moi, na miaka ile akitaka kusema jambo la siasa, hata nyumbani kwake, kwanza aliongeza sauti ya redio. Siku hiyo alivaa tai.

Watu waliofuata pasipoti walikuwa kwenye foleni yao ghorofani kama kawaida. Sisi tukashuka. Hewa ilikuwa ya saruji na maji yaliyolala. Mbele yetu alikuwa mzee mmoja aliyewahi kufungiwa humo, anaonyesha watu vyumba. Tuliingia wachache katika kimoja, naye akatuomba tuzime tochi.

Tukazizima. Nilinyoosha mkono nikagusa ukuta; nikageuka, nikagusa wa pili. Sauti ya mzee ilianza kutoka chini kuliko nilivyotarajia. Nadhani alikuwa amechutama. Alieleza jinsi walivyomwaga maji sakafuni ili asikae wala asilale, hadi ngozi ya nyayo ikaanza kubambuka. Akasema akifungwa kitambaa machoni, anapandishwa kwa lifti hadi ghorofa za juu, ambako watu wenye suti na karatasi walimuuliza habari za mkutano fulani. Mkutano wenyewe haukuwahi kuwapo. Aliposema hivyo, alirudishwa majini. Akapandishwa tena, akasema hivyo hivyo, akarudishwa tena.

Mwishowe akawatungia mkutano. Aliwapa nyumba, saa, na nani aliketi karibu na dirisha. Alipotaja kwamba chai ilikuwa imeungua wakafurahi, maana waliona maelezo hayo hayawezi kuwa ya kubuni. Kati ya wahudhuriaji aliowataja, mmoja alikuwa marehemu na mwingine alikwisha vuka mpaka zamani. Hakuna aliyegundua.

Katika giza lile Mjomba akauliza, "Na hiyo karatasi ilienda wapi, mzee?"

"Juu," akajibu. "Ilienda juu, ikawa habari."

Mtu mmoja akawasha tochi na tukatoka.

Habari za mateso nilikuwa nimezisoma magazetini, lakini karatasi ile sikuwa nimeifikiria kamwe. Mahali fulani serikalini kulikuwa na mtu aliyeipokea, akaisoma kwa makini, akaamini kwamba sasa anaijua nchi yake vizuri zaidi. Special Branch, kikosi cha ujasusi cha polisi kilichowatesa watu humo, ilirithiwa kutoka kwa mkoloni, na miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau, iliifundisha kumwona kila mwenye manung'uniko kuwa adui. James Kanyotu aliiongoza kuanzia 1965 hadi 1991. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, hofu ilitanda, na kufikia 1986 walimu, wahadhiri na wanafunzi walikuwa wakifungwa kwa sababu ya vijikaratasi. Kikosi hichohicho kilisikiliza, kikakamata, kikapiga, kisha kikaandika ripoti. Kwa maoni yangu mkono wake ndio ulioyaziba masikio yake.

Ndiyo maana sheria ya 1998 naiheshimu kuliko watu wengi ninaozungumza nao. Iliutoa ujasusi mikononi mwa polisi, ikaunda NSIS, idara ya ujasusi iliyoitangulia NIS, na makachero wake wakanyimwa mamlaka ya kukamata. Katiba ya 2010 ikaipa idara kifungu chake, cha 242, na jina la NIS, na sheria ya 2012 ikaitaka iende Mahakama Kuu kuomba kibali kabla ya kupekua maisha ya mtu. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nilipomjibu binti yangu.

Ila jibu lile halikukamilika. Desemba 2014 Bunge liliirekebisha sheria hiyo, afisa wa NIS akaruhusiwa kumzuia mtu kisha amkabidhi kwa polisi. Nililipinga jambo hilo kwa nguvu, na aliyenipinga ni Mjomba, yule yule niliyesimama naye gizani. Mwezi mmoja kabla, basi lilikuwa limesimamishwa Mandera na magaidi wa Al-Shabaab, watu 28 wakauawa, na wengi wao walikuwa walimu. Mjomba hakuweza kulisahau basi hilo. "Mpwa wangu," aliniambia, "yule mzee alikamatiwa karatasi. Mimi nasema juu ya mtu mwenye bunduki." Aprili iliyofuata watu 148 wakauawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Sikurudi kubishana naye. Mtoto wangu pia atapanda mabasi, atalala bwenini, na nataka awepo mtu anayesikiliza kabla ya bunduki kulia.

Tuliacha hivyo kwa miaka. Mwisho wa 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ikatangaza kwamba tangu Juni imerekodi visa 82 vya watu kutekwa, na 29 bado hawajulikani waliko. Mjomba akapiga simu, akaniomba nimsomee tena kile kipengele cha 2014, polepole, kwani macho yake yamechoka. Nikamsomea.

"Akishamfikisha kituoni," akauliza, "jina linaandikwa wapi?"

"Kwenye OB, Mjomba, kile kitabu cha matukio cha polisi."

"Na hao 29 wameandikwa kwenye OB ya kituo gani?"